Mikono Iliyokuja na Safina

Safina alishuka kwenye boti akiwa amemshika mama yake mdogo mkono, na wala hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, msomi, mtu aliyeshapanda ndege peke yake akaenda Uingereza na akarudi. Lakini kisiwa kile kilimtisha. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limewaka, maji yanapanda taratibu kwenye mizizi ya mikoko, na hapakuwa na sauti. Kuku wapo, wanatembea, hawalii. Watoto wapo, wamekaa barazani, wanatazama tu.

"Huku watu wanaishi au wamehifadhiwa?" Ashura akanong'ona.

Ashura ndiye huyo mama mdogo, muuza korosho wa Bungu pale barabarani, mwanamke ambaye basi la Lindi likisimama sauti yake inafika dirishani kabla ya korosho zenyewe. Leo sauti ilikuwa imemshuka. Alivuta ushungi wake mbele akatangulia njiani, Safina nyuma yake.

Walikuwa wamekwenda kufanya jambo la aibu, tuseme ukweli. Wapi umesikia upande wa binti unavuka maji kwenda kwa upande wa mwanamume, kuomba posa iletwe? Lakini Gharibu hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na shangazi yake, Mwanamina, na alikuwa ameapa kwamba hataoa bila kauli ya shangazi huyo. Na Mwanamina alikuwa amekaa kimya mwaka mzima. Kwa hiyo Ashura akabuni safari: wanakwenda kumjulia hali mama wa watu, shingo inamsumbua tangu mfungo. Ndivyo walivyopanga kusema. Habari ya posa ingekuja yenyewe katikati ya mazungumzo, kama bahati.

Safina alimpenda Gharibu, jamani. Alimpenda tangu alipokuwa mtaalamu wa viungo pale hospitalini Kibiti, na Gharibu, fundi boti mwenye mabega mapana, akaletwa amepinda kiuno kwa kuinua gogo asiloliweza. Alimfanyisha mazoezi, akamkanda, na mwanamume akapona mgongo akaugua moyo. Halafu Safina akapata nafasi ya masomo ya uzamili kusomea osteopathia, elimu ya kutibu mifupa, misuli na maungo kwa mikono mitupu, bila kisu wala kidonge. Gharibu akamwambia aende, yeye atangoja. Sasa alikuwa amerudi likizo, kabakiza mwaka mmoja, na alitaka aondoke tena akiwa mchumba wa mtu anayejulikana.

Ila kuna kitu kilichokuwa kikimkaa rohoni. Wiki iliyopita, pale Kibiti, Gharibu alikuja kumpokea, wakakaa uani kwa rafiki yake Safina, na Gharibu akasema kwa utani kwamba mgongo umerudi, hebu daktari wa Ulaya auone. Safina akaweka mikono. Alipomaliza tu kumkanda, Gharibu akanyanyuka, uso umempauka, akavaa shati kinyume akaenda zake. Hakuaga. Tangu siku hiyo simu anapokea, lakini anajibu kama mtu anayesikilizwa na watu wengine.

Nyumba ya Mwanamina ilikuwa ya mwisho, imeelekea msitu wa mikoko. Uani palikuwa na kamba, na kwenye kamba kanga mbili za rangi ya bluu, zinachuruzika maji. Ashura, mtu wa watu, aliona zimekaribia kuanguka akanyoosha mkono aziweke vizuri.

"Ziache," sauti ikatoka ndani. "Mwenyewe atakuja kuzianua."

Mwanamina akatoka akiwa amebeba kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukuta. Alikuwa mama mrefu, mweusi wa kung'aa, mzuri bado. Wakamshikia miguu kwa salamu, akaitika marahaba, akawatandikia mkeka, akaleta maji ya kunywa, akawauliza habari za Bungu na za mvua na za barabara. Hakuna alilokosea katika ukarimu wake. Na bado Safina aliona baridi inampanda kifundoni, kwa sababu kila Mwanamina alipomaliza kusema alitazama kule msituni, akatulia kidogo, kana kwamba anamsubiri mtu mwingine naye achangie.

Ashura akaanza kuizungusha habari ya posa, taratibu, kwa maneno ya sukari. Akasifu kisiwa. Akasifu malezi ya Gharibu. Akasema vijana wakipendana wazee hufurahi. Mwanamina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu bila ukali wowote.

"Gharibu ana mke."

Ashura akamtazama Safina. Safina akatazama chini. Alijua habari hiyo, Gharibu hakumficha. Zuhra, binti wa Mwanamina, ndiye aliyekuwa mkewe, mtoto wa shangazi, ndoa ya nyumbani kama ilivyo ada. Miaka minne iliyopita aliingia msituni kukamata kaa wakati maji yamekupwa. Maji yakajaa, mtumbwi ukaonekana, yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka mkondo unapoingia baharini. Na kwa kuwa mwili haukupatikana, Mwanamina alikataa matanga, alikataa hitima, alikataa swala. Alisema mtoto wake hazikwi kwa mdomo.

"Mama," Safina akasema polepole, "sikuja kumtoa mtu mahali pake."

"Huwezi," Mwanamina akamjibu, na akajaribu kumgeukia, shingo ikamkatalia, akafumba macho kwa maumivu.

Hapo Ashura akaona mlango. Akasema bibi, huyu mtoto amesomea hayohayo, mikono yake huko Ulaya waalimu wanaigombania, hebu mpe hiyo shingo. Mwanamina alikataa mara ya kwanza. Safari ya pili akasita. Maumivu ni maumivu, hata kwa mwenye kiburi. Akasema haya, na nione wazungu wanafundisha nini ambacho sisi hatukijui, akaingia chumbani akakaa kwenye mkeka, mgongo akauelekeza kwa Safina.

Sasa nikwambie habari ya mikono hiyo. Safina alipoanza masomo alikuwa wa kawaida kabisa, tena mzito. Kuna zoezi walilokuwa wakipewa: mwalimu anaweka unywele mmoja mezani, anaufunika kwa karatasi, mwanafunzi anafumba macho anautafuta kwa ncha za vidole. Kisha inaongezwa karatasi nyingine, na nyingine. Wenzake waliupata chini ya rundo, Safina karatasi chache tu alishapotea. Alilia bafuni zaidi ya siku moja. Halafu ikaja wiki ya kujifunza kwenye miili ya watu waliousia watumike kufundishia, na baada ya wiki hiyo Safina akaupata unywele chini ya kitabu kizima. Mwalimu akaita waalimu wenzake waje waone. Kuanzia hapo wagonjwa wa kliniki ya chuo wakawa wanamtaja kwa jina. Mmoja, mzee wa kizungu mcheshi, aliuliza kwa nini leo wamemhudumia wawili. Safina alicheka. Usiku ule alilala na taa ikiwaka.

Akaweka mikono kwenye shingo ya Mwanamina.

Ilitangulia. Hiyo ndiyo namna pekee ambayo angeweza kueleza: vidole vilijua pa kwenda kabla yeye hajaviambia. Vilishuka nyuma ya sikio, vikapita chini ya fundo la nywele, vikasimama pale penyewe ambapo msuli ulikuwa umekaza kama kamba ya nanga. Safina alisikia ubaridi viganjani, ubaridi wa majimaji, ijapokuwa mikono yake ilikuwa mikavu. Nje palikuwa kimya mpaka alisikia kanga zikidondosha maji kwenye mchanga. Mwanamina alikuwa akipumua kwa nguvu, kisha pumzi zikalainika, kisha kichwa kikanyooka taratibu kama mlango unaofunguliwa na mtu mwenye adabu. Na kazi ilipokwisha, vifundo vya vidole vya Safina vikagonga pale chini ya shingo, ngo, ngo, kwa upole, kama anayebisha hodi.

Hakufundishwa kugonga vile. Mwalimu wake alishawahi kumuuliza ameitoa wapi tabia hiyo.

Mwanamina hakugeuka, ingawa sasa aliweza.

"Umechelewa kurudi, mwanangu," akasema.

Ashura, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kusoma dua kimoyomoyo, midomo inamtembea. Safina akaivuta mikono yake akaikumbatia kifuani. Alikuwa karibu kusema mimi Safina.

Ndipo Mwanamina akageuka, machozi yamemjaa usoni, na akamuuliza swali ambalo Safina aliliogopa bila kujua kama lipo. Alimuuliza huko alikokwenda, alimshika nani.

Safina akasema yote. Akasema chumba kilikuwa baridi na cheupe, na mwili waliopewa kikundi chao ulikuwa wa mwanamke, na mwanamke yule hakuwa na jina, alikuwa na namba tu iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu. Wenzake hilo halikuwasumbua. Yeye alishindwa kumgusa mtu asiye na jina. Kwao Bungu hata mgeni anayefia njiani huulizwa ndugu zake, akikosa huitwa kwa jina lolote la heshima mpaka afike kaburini. Kwa hiyo wenzake walipotoka, akamsomea Yasini, akamshika mkono akampa jina. Na jina lililomjia mdomoni siku ile, kwa sababu alikuwa akimfikiria Gharibu, na ukimfikiria Gharibu hufiki mbali kabla hujamkuta mke wake, lilikuwa Zuhra.

"Nilimwita," Safina akasema. "Nikamwambia, Zuhra, nisamehe, nakuomba ruhusa. Sikujua, mama. Nilidhani ni heshima."

Kule deltani, visiwani mwa mikoko, mtu yeyote angemwambia kosa lake liko wapi. Aliyepotelea majini, asiyekuwa na kaburi, jina lake halipewi mtoto wala mgeni wala chombo mpaka asomewe. Ukimwita, unampa pa kushika. Lakini Mwanamina hakulaumu. Mwanamina alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Safina kuliko yote ya siku ile.

Mambo yakageuka hapohapo, tena kwa kasi. Mama aliyewanyima kauli mwaka mzima alimshika Ashura mabega akamwita dada. Posa itakwenda Bungu kesho, alisema, na asubuhi hii hii atamtuma mtu kwa shehe. Harusi Ijumaa. Akatoka uani akaanua zile kanga za bluu, mbichi vilevile, akaja akamfunika Safina mabegani, akamrekebishia pindo shingoni kama mama anavyomvika binti yake. Na masomo, akasema, basi tena. Haiwezekani aondoke. Amekwenda mbali inatosha.

Safina alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Alisimama pale amelowa mabega, na alijua kwamba katika furaha yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyelitaja jina lake.

Akaziweka zile kanga juu ya mkeka, akamwomba mama yake mdogo abaki, akaenda kumtafuta Gharibu.

Alimkuta nyuma ya nyumba, pale mkondo unapoingia msituni, kwenye boti anayoiunda. Nusu yake ilikuwa majini tayari. Ilikuwa karibu na adhuhuri, maji yamejaa yamesimama, hayaingii hayatoki, na chini ya mikoko kulikuwa na kiza cha kijani ijapokuwa jua lilikuwa utosini. Gharibu alimwona akaweka nyundo chini. Walitazamana. Ah, kutazamana kule. Mwaka mzima wa simu na picha, kisha ule mkutano wa Kibiti uliovunjika, na leo wako karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na kila mmoja anaogopa kusogea. Safina aliona amekonda. Aliona ndevu zimemjia na macho hayajalala, na moyo wake ukamwambia huyu ni wangu, kisha ukaingiwa na shaka.

"Kibiti ulinikimbia," akamwambia.

"Nilikukimbia."

"Ulisikia nini?"

Gharibu akakaa kwenye ukingo wa boti. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba Zuhra alikuwa akimkanda kila yeye Gharibu akitoka msituni, na akimaliza anamgonga pale kiunoni, hodi, anauliza kwa utani kama kuna mtu ndani. Yeye humjibu karibu. Ni mchezo wa mume na mke, hakuna aliyewahi kuusikia.

"Ulifurahi?" Safina akauliza.

Laiti angekuwa mwongo kidogo. Lakini Gharibu hakujaliwa uongo.

"Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele yako," akasema. "Halafu nikaogopa. Halafu kila siku nikatamani nirudi kwenye mikono ile."

"Na leo?"

"Leo nakuomba mara moja tu, Safina. Niwekee mikono."

Maneno yale yalimchoma, na lililomtisha zaidi ni kwamba mikono yenyewe ilikuwa imeshanyanyuka. Hakuiambia. Ilikuwa imetoka ubavuni mwake, imefunguka, inamwelekea mwanamume. Safina akaikamata kwa nguvu akaibana kwapani, akasimama hivyo kama mtu anayehisi baridi kali.

"Nikikuwekea, nimeolewa," akasema. "Shangazi yako ameshakubali, posa kesho, harusi Ijumaa. Nitaishi hapa. Kila siku nitakukanda, na kila siku utafumba macho ili usinione. Nitazaa watoto wako, na mama yule atawaambia ni wa nani. Mimi nakupenda, Gharibu, nakupenda kiasi kwamba nusura nikubali. Lakini mimi ni Safina. Kama unayemtaka ni mwingine niambie sasa hivi, boti ipo."

Gharibu alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono aliyoibana, kisha usoni tena. Safina alihesabu pumzi zake mwenyewe ili asilie.

Ndipo pakagongwa. Chini, kwenye ubavu wa boti ulioko majini. Ngo, ngo. Maji yalikuwa yamesimama, hapakuwa na gogo, hapakuwa na wimbi, na wote wawili waliona kwamba hata jani moja halikutikisika juu ya maji yale. Pakagongwa tena, safari hii kwa upole zaidi, kama mtu aliyechoka kubisha.

Gharibu akaweka kiganja chake ndani ya ubao, mahali palepale.

"Zuhra," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu alipopotea. Hakusema karibu. Midomo ilimcheza akaifunga, kisha akaondoa kiganja kidogo kidogo, akasimama, akamwambia Safina waende kwa shangazi.

Mwanamina alikuwa anapepeta mchele wa kuwalisha wageni. Alipowaona wamekuja pamoja akafurahi. Gharibu alipiga magoti mbele yake, jitu zima lile, akamshika mikono yenye chenga za mchele.

"Shangazi, naomba leo Zuhra asomewe. Asaliwe na afanyiwe hitima."

Ungo ukatulia. Mwanamina akamwambia taratibu kwamba akisomewa atakwenda. Gharibu akasema ndiyo. Mwanamina akamwambia Zuhra ameletwa mpaka mlangoni, kwa miguu ya mtu mwingine, kutoka ng'ambo ya bahari, na wewe mumewe ndiye unayetaka kumfungia nje? Gharibu akainamisha kichwa. Basi Mwanamina akamgeukia Safina, na macho yake yalikuwa makavu sasa.

"Na wewe unajua unachokipoteza? Hiyo mikono inayokupa sifa huko kwa wazungu si yako. Akiondoka utarudi na nini?"

Safina alikuwa amelifikiria hilo njia nzima kutoka mkondoni. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mikono mitupu mbele ya waalimu, na bila vidole vile alikuwa yuleyule aliyepotea chini ya karatasi chache. Anaweza kushindwa. Anaweza kurudi Bungu kuuza korosho na mama yake mdogo.

"Nitarudi na yangu, mama, hata kama ni mizito," akasema. Kisha akamsogelea, kwa sababu alimhurumia kweli. "Lakini mimi nimekaa naye mwaka mzima humu vidoleni. Hana raha. Ni baridi, na kila akimaliza kumhudumia mtu anapiga hodi. Umewahi kujiuliza kwa nini anapiga hodi? Mtu aliyefika kwake habishi. Miaka minne anabisha, mama, na hakuna aliyemwambia pa kwenda."

Mwanamina alifungua mdomo ajibu, na badala ya maneno kikatoka kilio. Kilikuwa kilio cha matanga, kile kirefu, ambacho kilipaswa kutoka miaka minne iliyopita. Kikatoka uani kikaenda mpaka mkondoni, na kisiwa kizima kikakijua. Jirani mmoja akakiitikia, na wa pili, na kuku wakatawanyika wakilia, na watoto barazani wakaanza kuulizana kwa sauti nani kafa. Ashura alilia kuliko wenyewe, na alikuwa hajamwona hata siku moja huyo marehemu.

Baada ya adhuhuri wanaume walimsalia kwenye msikiti mdogo wa bati, swala ya maiti asiyekuwepo. Wanawake walijaa chumbani kwa Mwanamina, kisomo kikaanza. Katikati ya kisomo Mwanamina akaomba kwa ishara, naye Safina akaelewa, akakaa nyuma yake akaweka mikono shingoni kwa mara ya mwisho. Mama akaegemeza shavu kwenye kiganja. Alikuwa akinong'ona, akimtuma Zuhra salamu kwa baba yake aliyetangulia, akimkumbusha asiogope, akimwambia nenda mama, nenda, mimi nakuja. Ubaridi ukaanza kutoka kwenye ncha za vidole, ukapanda viganjani, ukaisha. Safina akajikuta ameshika shingo ya mama wa makamo, ngumu, yenye joto la homa, na hakujua hata kidogo aanzie wapi.

Mwanamina hakusema kitu kuhusu posa siku ile. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akampa Ashura mchele, akamshika Safina kidevu, akamtazama sana.

"Safina," akasema. "Ukija tena njoo mchana mapema, tule."

Mwenye boti alikuwa akiwahimiza, maji yanakupwa na mkondo haungoji. Ashura alishapanda na mchele wake. Gharibu akaja akiwa na kanzu, akamvuta Safina nyuma ya boti mpya, mbali na macho ya watu, akamgeuzia mgongo.

"Sasa weka," akasema.

Safina aliogopa kuliko asubuhi. Aliona mgongo ule mpana ndani ya kanzu nyeupe, akajua kwamba akiweka mikono mwanamume huyu atajua alichopoteza, na hakuna swala itakayomzuia asilinganishe. Akatamani kukataa. Kisha akaweka. Viganja viwili, vizito, vinatoka jasho, havijui lolote.

Gharibu alisubiri. Alisubiri mpaka mwenye boti akapiga mluzi, na akaendelea kusubiri.

"Ni wewe tu," akasema, na akalia kama mtoto. Lakini alirudisha mkono nyuma akaishika mikono ile miwili, akaikandamiza mgongoni mwake, na mluzi ulipopigwa mara ya pili hakuiachia.